Sahani za Kuomba Radhi

Kuna kitufe kwenye mfumo wetu wa kupandishia habari ambacho nakichukia kuliko ninavyowachukia mbu wa Ruvu. Kimeandikwa "Wasilisha". Ukikamilisha kila kinachotakiwa kinageuka kijani. Ukikosa kitu kimoja tu kinabaki kijivu, kimenuna, na hata ukikibonyeza mpaka kidole kife ganzi hakikujibu. Ofisi yetu ya Dar ilipoleta mfumo huu tuliitwa semina ya siku moja, tukapewa chai na vitumbua, tukaambiwa kwamba siku hizi habari isiyo na picha haisomwi, kwa hiyo kuanzia leo mfumo hautapokea habari isiyo na picha. Nikanyoosha mkono nikauliza, na habari yenyewe ikiwa haina picha? Kijana aliyekuwa akitufundisha akanitazama kwa huruma.

"Mzee, picha haikosekani," akasema.

Mimi mzee! Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nikamalizia kitumbua changu. Laiti ningebisha siku ile, maana kwa maneno hayo hayo ya picha haikosekani ndivyo nilivyokuja kumdhalilisha mama yangu mdogo.

Nianze na kazi yenyewe. Naishi Kibaha, Maili Moja, chumba na sebule, na ninaiandikia tovuti moja ya habari ambayo makao yake yako mjini. Zamani niliandikia gazeti la karatasi. Habari ya gazeti ilipita mikononi mwa watu wanne kabla ya kufika mtamboni, na kila mmoja alikuwa na kalamu nyekundu na kisirani chake. Tuliwalaani sana watu wale. Siku hizi naandika kwa simu, nimekaa popote, nabonyeza Wasilisha, habari inaruka kwa mhariri wa zamu, naye anabadilisha kichwa kiwe cha kuvuta watu, anaiachia. Kuanzia hapo si yangu tena. Nikitaka kurekebisha hata nukta mfumo unaniambia: "Huna ruhusa ya kuhariri habari hii." Jina langu linabaki pale juu, lakini ruhusa sina. Nimeuliza mara ngapi kwa nini, naambiwa ni usalama. Usalama wa nani?

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Anaishi Masaki, Kisarawe, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye mikorosho nyuma na shamba la mihogo pembeni, naye ni mpishi wa shughuli. Namaanisha mpishi wa sufuria zile za kuingia mtoto. Harusi, maulidi, khitma, arobaini, kuanzia Masaki mpaka Kisarawe mjini, akikosekana yeye watu huuliza, "Kwani kaumwa?" Na humwiti kwa simu. Unakwenda kwake na doti ya kanga, unakaa mkekani, unaeleza shughuli yako ni lini na wageni ni wangapi. Akiipokea ile kanga, mambo yamekwisha, una mpishi. Hana kipimo cha chochote. Chumvi anatia kwa kiganja, na kama pilau limeiva anajua kwa kulinusa mvuke, hafunui.

Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu, nilimpiga picha. Amesimama nyuma ya sufuria, mikono ya gauni ameikunja, mwiko mkononi, mvuke unampanda, anacheka. Ananichekea mimi, mtoto wa dada yake. Nikaandika makala fupi ya kumsifu. Ilisomwa na watu wachache mno, lakini yeye aliipenda kweli, kila aliyepita pale kwake na simu aliombwa aifungue. Sasa, mfumo wetu ukiweka picha unakulazimisha uiandikie maneno ya kuitafutia siku nyingine. Niliandika: pilau, harusi, sufuria, Pwani. Ndiyo hayo tu. Niliandika sufuria, mtu sikumwandika.

Ikaja Mfungo Mosi ya mwaka huu. Wanaojua wanajua, Ramadhani ikiisha ndoa zinafumuka kila kona. Jumatatu moja asubuhi nikapigiwa simu kwamba Mlandizi kuna harusi ya jana yake, wageni wameshikwa na matumbo ya kuendesha na wengine wamelazwa. Nikapanda pikipiki, na masika yale, nikafika nimelowa mpaka soksi. Kwenye kituo cha afya muuguzi akanikataza kupiga picha wagonjwa, na alikuwa na haki kabisa. Nikaongea na mgeni mmoja aliyeruhusiwa, nikaongea na baba mdogo wa bwana harusi. Mpishi wao nilimpigia mara tatu, simu haipokelewi. Kwa hiyo nikaandika kama tulivyofunzwa: mpishi wa shughuli hiyo hakupatikana kuzungumzia tukio hilo.

Nilikaa kwenye banda la chai karibu na stendi. Simu inakaribia kuzima, bando linakata, kwenye grupu la kazi mhariri anasema wenzetu wa tovuti nyingine wako njiani, tuwahi. Habari nimemaliza. Kitufe kijivu. Picha, jamani! Nikaingia kwenye ghala la picha, nikaandika "pilau". Zikaja picha ndogo ndogo za mraba, maana ghala lile linakuonyesha kipande cha katikati tu. Moja ilikuwa sufuria, wali, ncha ya mwiko na mvuke. Hakuna mtu. Nikaichagua. Sisi tunaiita picha ya kuzibia, na asikudanganye mtu, kila mwandishi wa mtandaoni anafanya. Unaziba tundu ili mfumo ukuachie, halafu unamwandikia mhariri pale kwenye sehemu ya maoni: picha ibadilishwe. Niliandika hivyo. Kitufe kikawa kijani, nikabonyeza.

Baada ya robo saa nikaona habari imetoka. Kichwa changu kilikuwa "Wageni walazwa baada ya kula chakula cha harusi Mlandizi". Wao wameweka: "PILAU LA HARUSI LAWALAZA WAGENI, MPISHI AINGIA MITINI". Yaani kutopokea simu yangu ndiyo kuingia mitini! Niliguna, lakini nisiseme uongo, sikukasirika sana. Kuna kijimstari kwenye ukurasa wangu kinachoonyesha watu wanavyosoma, na kile kijimstari kilikuwa kinapanda kama kimepigwa kiboko. Miezi miwili nilikuwa wa mwisho kwenye orodha ya waandishi, nikisemwa kila Ijumaa. Nikaagiza chapati ya pili. Aibu iliyoje, nikikumbuka leo. Niliagiza chapati ya pili, nikaifurahia.

Chapati haijaisha, mama mdogo akapiga.

"Shikamoo mama mdogo."

Hakuitikia marahaba.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimemlaza nani?"

Sikumwelewa. Akasema kuna kijana wa bodaboda kamwonyesha simu, yumo yeye na sufuria yake, na juu wameandika ameingia mitini. "Mitini niingie mimi? Nipo hapa nachambua mchicha!" Sauti yake ilikuwa kati ya kucheka na kulia. Nikafungua ile habari, safari hii siyo kwenye ghala, nikaifungua kama anavyoifungua msomaji. Kumbe kule picha inatokea nzima. Sufuria, mwiko, mikono iliyokunjwa, na uso wake wote ukinichekea, chini ya maneno mpishi aingia mitini.

Nikabonyeza kuhariri. Huna ruhusa ya kuhariri habari hii. Nikabonyeza tena kana kwamba mara ya pili ungenihurumia. Huna ruhusa. Nikampigia mhariri wa zamu, dada mmoja mdogo kwangu, mchapakazi, sina ugomvi naye.

"Kaka, umeona? Inakimbia hiyo! Iko namba moja!"

"Itoe picha. Itoe sasa hivi."

"Tukiigusa saa hizi itashuka, kaka. Ina tatizo gani?"

"Huyo ni mama yangu mdogo! Hajawahi hata kupika Mlandizi!"

"Mama mdogo kabisa, au wa kusema tu?"

"Mdogo wake mama yangu, tumbo moja!"

"Sasa kwa nini umeiweka?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonikera zaidi. Nikamwambia niliandika kwenye maoni picha ibadilishwe. Akasema, "Ile sehemu ya maoni huwa hatuifungui, kaka." Akaongeza kwamba kutoa picha ya habari iliyo namba moja lazima amuulize mkuu, na mkuu yuko kwenye kikao. Nikamuuliza kikao cha nini. Cha mikakati ya kuongeza wasomaji. Nilitamani kuitupa simu kwenye karai la mafuta ya chapati.

Picha ilibadilishwa kesho yake asubuhi. Wakaweka sahani ya wali isiyo na mwenyewe. Nikashusha pumzi, nikamtumia mama mdogo ujumbe kwamba mambo yamekwisha. Wapi! Waliokuwa wameshatumiana ile linki kwenye magrupu bado walikuwa wanaiona na picha ya zamani, sura yake vilevile, kwa sababu simu zilishaihifadhi. Wengine walikuwa wamepiga skrinshoti. Blogu moja imeinakili habari yote, neno kwa neno, na kuuzungushia uso wake duara jekundu. Nyingine imetengeneza video, lisauti la mashine linasoma maneno yangu huku sura ya mama mdogo inasogea karibu, inarudi nyuma, inasogea karibu. Nikawaandikia wote. Mmoja tu alinijibu, akaniuliza kama nina habari nyingine kali.

Nikapigania ofisi iandike kuomba radhi. Waliandika, mistari mitatu, wakaiweka sehemu inaitwa "Marekebisho", ambayo ili uipate lazima ushuke mpaka mwisho kabisa wa tovuti, upite masharti ya matumizi. Jumatano, bwana afya wa kule Mlandizi akaniambia kumbe haikuwa pilau hata kidogo, ilikuwa juisi iliyochanganywa na maji ya kisima. Nikaiandika hiyo nayo, nikaitafutia picha ya glasi ili kitufe kiwe kijani. Kijimstari hakikupanda. Kililala chali. Pilau lilikuwa limeshahukumiwa.

Na jioni ya Jumatano hiyohiyo binamu yangu yuleyule wa harusi, anayekaa na mama mdogo, akanipigia kuniambia kilichotokea Masaki. Mama mdogo alikuwa na shughuli Jumamosi, kubwa kuliko zote za msimu, harusi ya binti wa nyumba moja ya hapo hapo, watu waliosali pamoja na babu zetu. Kanga ya kumwita alishaipokea tangu kabla ya Ramadhani. Sasa mjomba wa bibi harusi amekuja, amekaa mkekani, amezunguka weee, mara mvua, mara bei ya mchele, mwishowe akasema wageni wa bwana harusi wanatoka Dar na wameona kwenye simu, sasa itakuwaje. Mama mdogo hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na ile kanga, bado iko na mkunjo wa dukani, akampa.

"Miaka yote hii hajawahi kurudisha kanga," binamu akasema. "Ikishapita Jumamosi akapika mtu mwingine, mpishi hayupo tena hapa. Unalijua hilo."

Nilijua. Watu wa kwetu hawakutangazii kwamba wamekuacha. Wanaacha tu kuja.

Alhamisi asubuhi niko Masaki, matope mpaka kwenye magoti. Nilimkuta uani anapanga mafiga. Nikamwamkia, safari hii akaitikia, lakini kwa kuupeleka uso kando. Nikaanza kumweleza ghala la picha, kipande cha mraba, ruhusa ya kuhariri, kikao. Aliniacha nikamaliza yote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama mdogo."

"Mimi mtu akilalamika chumvi imezidi, simwambii habari za mwiko. Shika kuni."

Akapika. Siyo sufuria ya harusi, ile ya kati, ya watu arobaini hivi, mchele wake, mbuzi wake mwenyewe aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya Eid ya kuchinja. Niliposikia kuwa mbuzi ni yule nilitaka kumzuia, akanitazama, nikaendelea kumenya vitunguu saumu. Nia yake ilikuwa moja: majirani waje wale mbele ya macho yake, wale na wasiumwe, mpaka Jumamosi kila mtu ajue. Baada ya adhuhuri lilikuwa tayari. Harufu ile, jamani. Hata waliokuwa wakipakia mihogo barabarani waligeuza shingo.

Wakaja majirani, kwa sababu ukiitwa huwezi kukataa. Wakakaa, wakaamkiana, wakamsifu mbuzi. Mama mdogo akapakua sahani ya kwanza akampa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyemsaidia kuosha mchele kwenye shughuli tangu sauti yangu ikiwa bado haijavunjika. Jirani akaweka mikono kifuani.

"Ningekula, shoga yangu, lakini leo nimefunga. Nafunga sita."

Sawa, ni Mfungo Mosi, watu hufunga zile sita za sunna, na Alhamisi ni siku yake. Akapewa wa pili. Naye amefunga sita. Wa tatu kafunga sita. Mwenye duka, ambaye asubuhi nilimkuta kwa macho yangu anachovya andazi kwenye chai, naye kafunga sita. Uwanja mzima ulikuwa umefunga! Hakuna aliyesema neno baya. Waliaga vizuri, wakamwombea Mungu, wakaondoka mmoja mmoja, na sahani zikabaki zimepangwa mkekani zinapoa. Nililia, nasema kweli. Niligeukia ukuta wa jiko nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi. Kwa yule mwenye duka? Kwa mkuu na kikao chake? Kidole kilichobonyeza ni hiki hapa.

Mama mdogo hakulia. Alikaa kwenye kibao chake, kisha akaanza kutikisika. Nikadhani kazidiwa. Kumbe anacheka.

"Wamefunga," akasema. "Haya. Aliyefunga si anafuturu?"

Akalifunika pilau, akalirudishia makaa juu ya mfuniko, akaniambia nikaoge nivae kanzu ya binamu yangu. Karibu na magharibi akapakua sahani kumi na nne, moja kwa kila nyumba iliyosema imefunga, akaweka na ya kumi na tano kubwa ya nyumba ya harusi. Kila moja akaifunika kawa. "Futari hairudishwi mlangoni," akasema. "Na utapeleka wewe. Ukifika kila mlango useme wewe ni nani na umefanya nini. Ile yako ilipita kila nyumba. Na hii ipite."

Hapo nikajua adhabu ni nini. Mwanamume mzima, mwandishi wa habari, nimevaa kanzu inayonibana kwapani, nimebeba sahani juu ya sinia, mlango kwa mlango kwenye matope. Hodi. Shikamoo. Hii futari kutoka kwa mama mdogo. Na mimi ndiye niliyeweka picha yake kwenye habari ya Mlandizi, haikuwa yeye, nilikosea, naomba radhi. Mlango wa kwanza niliyasema nikitazama matope miguuni. Wa nne nilishakuwa nasema kama dua. Wengine walicheka kwa aibu wakapokea. Mwenye duka alipokea huku mdomo wake unang'aa mafuta ya kitu alichokuwa anakula kabla adhana haijaadhiniwa, tukatazamana, tukaachana hivyohivyo. Jirani wa ukuta kwa ukuta alipokea bila kuniangalia.

Nyumba ya harusi niliiacha ya mwisho. Uani wamefunga maturubai tayari. Nikasema maneno yangu mbele ya mama wa bibi harusi na yule mjomba. Mjomba akatoa simu.

"Unasema mmeibadilisha. Mbona yangu bado ni yeye?"

Nikamwonyesha ya kwangu, sahani ya wali isiyo na mtu. Akaziweka simu mbili sambamba, habari ileile, jina langu juu ya zote mbili, kwangu wali na kwake mama mdogo.

"Sasa tuamini ipi?"

Nikaanza tena zile habari za simu kuhifadhi, nikajisikia ninavyosikika, nikaacha. "Msiamini hata moja, mjomba," nikasema. "Mimi nimekula hilo pilau mchana, sahani mbili. Nalala kwake leo. Kesho asubuhi njooni mnitazame."

Mama wa bibi harusi alipokea sahani, akaifunua kawa kidogo, akainusa, akaifunika.

Nililala Masaki. Asubuhi nikakaa kibarazani wazi kabisa, mzima, nionekane. Sahani zikaanza kurudi. Kwetu hurudishi sahani ya watu ikiwa tupu, unatia chochote: limau, mayai mawili, kipande cha muhogo wa kuchemsha, chumvi hata. Zikaja na malimau. Zikaja na mayai. Ya mwenye duka ilikuja na kilo ya sukari nzima, nadhani kwa ajili ya ule mdomo. Ya jirani wa ukuta kwa ukuta iliachwa kizingitini alfajiri, hatukumwona aliyeileta. Mama mdogo akaifunua kawa. Pilau lilikuwamo lote, halijaguswa, hata nyama juu yake zilikaa alivyozipanga. Akawamwagia kuku, akaosha sahani, akaipanga na nyingine.

Saa nne hivi mama wa bibi harusi akaja mwenyewe na sahani ile kubwa kichwani. Alikaa mkekani, akaitua, akafunua kawa. Ndani kulikuwa na ile doti ya kanga.

"Mjomba wao anasema sana," akasema. "Wageni ni mia tatu. Mbuzi wanakuja leo jioni."

Mama mdogo akaichukua kanga, akaikunjua safari hii, akajifunga palepale. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikaruka kama mtoto, nikagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu. Nikasema moyoni, imekwisha. Basi, imekwisha. Nikaanza hata kumshukuru Mungu kwa sauti.

Ijumaa hiyohiyo, alipokuwa anafunga mwiko wake kwenye kitambaa, tayari kwenda kwenye shughuli, simu yake ikaita. Ni binti wa dada yake mwingine, anayeishi Bukoba, ambaye hawajaonana miaka. Aliiweka sauti ya juu, hajui kuitumia vingine, na wote uani tukamsikia yule binti akilia: "Mama mdogo, ndiyo leo nimeona kwenye grupu la huku. Ni kweli wamekukamata?"

Mama mdogo akamtuliza, akamwambia hajakamatwa, yuko mzima, anakwenda kupika. Akakata simu. Akanigeukia, bila hasira yoyote, anauliza tu kama mtu anayetaka kujua safari ni ya saa ngapi.

"Kwani ile yako inafika mpaka wapi?"

"Popote, mama mdogo. Popote penye simu."

Akazitazama sahani kumi na tano alizozipanga juu ya kichanja, zimeoshwa, zinachuruzika maji.

"Na huko kote," akasema, "utapeleka sahani?"